Homa imeshuka, malaria je?

TUSEME, msomaji, wewe ni mzazi kule Kebirigo, Nyamira. Ni mwezi wa Juni. Mvua ya masika imekatika majuzi, matope yameanza kukauka barabarani na majani chai yamechipuka hata wachumaji hawamudu. Usiku wa manane unasikia meno ya kitindamimba wako yakigongana kitandani.

Unamgusa kwenye paji la uso. Moto! Lakini mtoto mwenyewe analia baridi. Amejikunyata, anataka blanketi jingine, kisha jingine. Magokoro wake anatoka chumba cha pili na shuka lake na kumfunika gubigubi.

Unamtuma kaka yake akabishe mlango wa duka. Anarudi na vidonge vya Panadol. Unavunja kimoja, unamnywesha nusu. Baada ya saa moja hivi mtoto anatokwa na jasho jekejeke, anatupa mablanketi kando na kuitisha uji. Nyumba nzima inashusha pumzi. Asubuhi anakwenda shule nawe unachukua kikapu chako kwenda kuchuma chai.

Usiku wa pili, meno yanagongana tena.

Ile saa moja ya jasho imewahadaa wazazi wengi katika milima ya Kisii na Nyamira, na wengine wameilipia ghali. Si kwamba kidonge kilikuwa bandia. Kilifanya kazi yake barabara. Tatizo ni kwamba wengi wetu hatujui kazi hiyo ni ipi, kwa kuwa hufanyika mahali tusipopaona: ndani ya ubongo.

Moto mwilini, baridi moyoni

Anza na kile kitendawili cha mtoto anayechemka huku akilia baridi. Jawabu lake ndilo ufunguo wa mambo yote.

Katika sehemu ya chini ya ubongo, karibu usawa wa nyuma ya macho, kuna mahali padogo paitwapo haipothalamasi. Hapo ndipo joto la mwili linapopimwa na kuamriwa. Siku za kawaida amri ni nyuzi 37 au karibu na hapo. Ukizidi, ubongo unafungua jasho. Ukipungua, unaamuru misuli itetemeke.

Mtu akipatwa na homa, kinachobadilika kwanza ni amri yenyewe. Ubongo unaagiza nyuzi 39 au 40. Wakati agizo hilo linatolewa, mwili bado uko 37, kwa hivyo kwa mujibu wa ubongo, mtoto yuko kwenye baridi kali. Mishipa ya damu ya ngozini inajifunga ili joto lisitoke. Misuli inatetemeka ili izalishe joto. Mtoto anatafuta blanketi. Hadanganyi wala hadeki.

Sasa, ni nani aliyebadilisha amri?

Viini vya malaria vinapokomaa ndani ya chembechembe nyekundu za damu, huzipasua na kutoka kwa wingi. Wale viini wakali walio wengi huku kwetu, waitwao falsiparumu, huchukua kama saa 48 kumaliza mzunguko mmoja. Wanapotoka, askari wa mwili, yaani chembe nyeupe, hupiga kamsa kwa kumwaga kemikali katika damu. Kamsa hiyo inasafiri hadi kwenye mishipa ya damu ya ubongo. Kuta za mishipa hiyo zikiisikia, zinatengeneza kemikali nyingine iitwayo prostaglandini, na hasa ile iliyopewa herufi E na nambari 2.

Prostaglandini ndiyo inayoingia na kumwambia ubongo apandishe moto.

Breki inapoachiliwa

Hapa naomba uvute kiti, msomaji, maana ndipo penye uhondo.

Ubongo ni chembe za fahamu zinazozungumza. Haziongei kwa mdomo. Kila moja hudondosha tone la kemikali mbele ya mwenzake, na mwenzake huamka au hunyamaza kulingana na tone lile. Juu ya kila chembe kuna vitu kama vitasa vya milango. Wataalamu huviita vipokezi. Kemikali ni ufunguo. Isipopata kitasa chake, hupita tu kama mgeni asiyejua nyumba ya mwenyeji.

Prostaglandini E2 ina vitasa vya aina nne, vinavyoitwa EP1, EP2, EP3 na EP4. Ufunguo ni mmoja, lakini kila mlango una mambo yake. Kuna kitasa ambacho ukikifungua chembe inachangamka. Kuna kingine ambacho ukikifungua chembe inapoa na kupunguza matone inayodondosha. EP3 aghalabu ni cha namna hii ya pili: hunyamazisha. Kimeonekana hata kwenye ncha za mishipa ya fahamu inayomwaga noradrenalini, ile kemikali ya mshtuko na hima, na kikiguswa pale, noradrenalini inayotoka inapungua.

Huenda ukauliza: kitu kinachonyamazisha kitapandishaje joto?

Fikiria matatu iliyoegeshwa kwenye mteremko. Haihitaji kusukumwa ili iondoke, inatosha breki iachiliwe. Mbele ya haipothalamasi kuna chembe ambazo kazi yake mchana na usiku ni kukanyaga breki. Zinazizuia chembe nyingine, zilizo nyuma yake na chini zaidi kwenye shina la ubongo, zisiwashe moto wa mwili ovyo. Chembe hizo za breki zimejaa vitasa vya EP3. Prostaglandini ikifika, inafungua vitasa, chembe zinanyamaza, breki inaachiliwa. Misuli inaanza kutetemeka, ngozi inajifunga, na kwa watoto wachanga mafuta maalumu ya mgongoni yanachomwa kama kuni.

Haya si porojo za barazani. Mwaka 1970 watafiti Milton na Wendlandt waliingiza prostaglandini moja kwa moja ndani ya ubongo wa paka, na paka wakapata homa pasipo ugonjwa wowote. Mwaka 1998 wataalamu wa Kyoto, Japani, walitangaza kuwa panya waliozaliwa bila kitasa cha EP3 hawapati homa hata wakichokozwa kwa vitu ambavyo humtetemesha panya mwingine. Na mwaka 2007 wenzao wa Boston, Marekani, waliondoa EP3 katika sehemu moja ndogo tu mbele ya haipothalamasi, wakaacha ubongo mwingine wote kama ulivyo. Homa ikafifia.

Kasisi na gome la mti

Ajabu ni kwamba binadamu walijua kushusha homa zamani kabla ya kujua inavyopanda.

Mwaka 1763 kasisi mmoja wa Uingereza, Edward Stone, aliliandikia shirika la wanasayansi la London barua kuhusu gome la mti wa wilo. Alikuwa amelikausha, akalisaga na kuwapa watu wapatao 50 waliokuwa na homa za vipindi, zile zinazokuja na kuondoka. Wakapata nafuu. Nyingi ya homa za vipindi za Uingereza ya wakati huo zilikuwa malaria, kwa maana mabwawa ya huko yalikuwa na mbu wake.

Kutokana na dawa ya jamii ya gome lile ilizaliwa aspirini, ambayo kampuni ya Bayer ya Ujerumani iliingiza sokoni mwaka 1899. Dunia ikaimeza kwa zaidi ya miaka 70 bila mtu kueleza inavyofanya kazi. Mwaka 1971 John Vane, akiwa London, alionyesha kwamba aspirini huzuia mwili kutengeneza prostaglandini. Mwaka 1982 akatuzwa Nobel pamoja na Bergström na Samuelsson wa Sweden. Jina lenyewe prostaglandini ni la kupotosha kidogo. Alilitoa Msweden mwingine, von Euler, katika miaka ya thelathini, akidhani kemikali hiyo yatoka kwenye tezi dume pekee. Kumbe karibu kila sehemu ya mwili huitengeneza.

Paracetamol, ambayo ndiyo Panadol yako, nayo hupunguza prostaglandini ndani ya ubongo. Ufunguo ukiadimika, vitasa vya EP3 vinajifunga, chembe za breki zinaamka, amri inarudi 37. Mwili ulio 40 sasa unajiona uko kwenye joto la ajabu. Jasho linamwagika, mablanketi yanatupwa.

Je, umeona mahali popote katika maelezo hayo ambapo kidonge kimemgusa kiini cha malaria? Mimi pia sijaona. Kasisi Stone aliwapa nafuu wagonjwa wake, lakini gome lake halikuua kiini hata kimoja. Kamsa inaendelea kupigwa kwenye damu, ila mjumbe wa kuipeleka ubongoni amezibwa mdomo kwa saa nne hadi sita. Dawa ikiisha nguvu, mjumbe anasema tena.

Kwa nini hasa milimani

Mtu wa kando ya Ziwa Victoria anaweza kuniambia kwamba huko kwao hayo ni ya kila siku. Ni kweli, lakini mtu wa ziwani na mtu wa Nyansiongo hawaugui malaria moja.

Mtoto anayekua Homa Bay huumwa na mbu wenye viini tangu uchanga. Akinusurika miaka ya kwanza, mwili wake hujifunza kuvumilia. Milimani mambo ni mengine. Mji wa Kisii uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya Nyamira iko juu zaidi. Kiini cha falsiparumu hakiwezi kukomaa ndani ya mbu kama hewa iko chini ya nyuzi 16 au hivi, na katika 18 huchukua majuma mengi, muda ambao mbu wengi huwa wamekwisha kufa. Basi malaria huwa haba. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2020 ulipata viini katika watoto wapatao 19 kwa kila 100 katika ukanda wa ziwa, na mmoja tu kwa kila 100 katika maeneo ya milimani.

Habari njema hiyo ina mwiba ndani yake. Watu wasiozoea kuumwa hawana kinga. Mwaka ambao mvua inazidi na joto linapanda kidogo, mbu huzaana katika mabonde yaliyofyekwa mafunjo na katika mashimo ya wafyatuaji matofali, na ugonjwa unashuka kama mvua ya mawe. Hauchagui mtoto wala mzee. Mwaka 2002, mwezi wa Juni na Julai, ndivyo ilivyokuwa katika wilaya za Kisii na Gucha, pamoja na Kericho na Nandi. Wodi zilifurika.

Wala si lazima mvua. Mfanyabiashara wa ndizi anayelala Oyugis au Kisumu siku mbili tatu, au mtoto aliyekwenda likizo kwa shangazi aliyeolewa ziwani, anaweza kurudi na viini damuni. Kwa mtu wa namna hiyo, siku mbili za kubahatisha kwa vidonge vya duka ni nyingi mno. Malaria ya falsiparumu kwa asiye na kinga inaweza kutoka kwenye homa ya kawaida hadi kuzirai katika muda wa siku moja au mbili.

Kidonge cha kuamsha wafu

Kuna vidonge vingine ambavyo mimi navihofia zaidi kuliko Panadol. Ni vile vya maumivu ya kichwa vinavyouzwa kimoja kimoja kila sokoni, kutoka Keroka hadi Ogembo. Soma pakiti ukiweza kuipata, na utaona baadhi vimechanganya aspirini, paracetamol na kafeini, ile inayochangamsha iliyomo ndani ya chai na kahawa.

Prostaglandini E2 ina ndugu yake, D2, mwenye vitasa vyake mwenyewe kwenye utando unaofunika ubongo. Katika miaka ya themanini Profesa Hayaishi wa Japani na wenzake walionyesha kuwa D2 huleta usingizi. Ikifungua kitasa chake, ubongo hupata adenosini nyingi, na adenosini ndiyo huzitiisha chembe za kukesha. Kafeini huja na kuziba vitasa vya adenosini. Ndiyo sababu kikombe cha chai kinakufumbua macho.

Sasa mwangalie bwana mwenye malaria aliyemeza mchanganyiko huo. Homa imezimwa, maumivu yamezimwa, uchovu umefunikwa. Anajifunga mkanda anakwenda kazini, akiwasifia wenzake dawa ile kuwa yaamsha wafu. Jioni anaongeza viwili. Kiini ndani ya damu kinazidi kuzaana, na hakuna dalili hata moja iliyoachwa ya kumwambia mwenyewe.

Aspirini ina kosa jingine. Mtoto aliye chini ya miaka 16 asipewe bila amri ya daktari, kwa sababu imehusishwa na ugonjwa mbaya wa ini na ubongo kwa watoto wenye homa. Mchanganyiko wenye aspirini nao ni vivyo hivyo.

Usidhani nawashutumu Abagusii kwa kupenda dawa za kichwa. Kichwa kina historia yake huku. Ababari, wale mafundi wa jadi waliopasua ngozi ya kichwa na kukwangua fuvu la mtu mwenye maumivu yasiyokwisha baada ya kugongwa, wameandikwa katika majarida ya madaktari ng'ambo tangu miaka ya hamsini. Watu waliostahimili kisu bila ganzi hawatashindwa kustahimili kungoja kipimo cha robo saa.

Panadol mpe, lakini

Nisieleweke vibaya. Mtoto anayeteseka kwa homa apewe paracetamol, kwa kipimo cha uzito wake, isizidi mara nne kwa siku, maana ikizidi huliharibu ini. Atakunywa maji na kula vizuri zaidi akipoa. Homa nayo haikuumbwa bure. Mwaka 1975 Mmarekani aitwaye Kluger na wenzake waliandika kuhusu mijusi wa jangwani walioambukizwa vijidudu: walioruhusiwa kujiotesha penye joto wengi walipona, waliozuiwa wengi walikufa. Lakini mtoto si mjusi, na hakuna sababu ya kumwacha ateseke.

Ukijua habari ya amri ya ubongo, mambo kadhaa ya nyumbani yanajieleza yenyewe. Kumtosa mtoto anayetetemeka ndani ya maji baridi ni kumwonea, kwa kuwa amri bado iko juu na mwili utazidi kutetemeka kuitimiza. Kumrundikia mablanketi matatu akisha kuanza kutokwa jasho nako ni kumzuilia joto linalotafuta njia ya kutoka. Na degedege, ambayo huwapata watoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano, haijathibitika kuzuiwa kwa vidonge vya homa. Mtoto mwenye degedege hapewi kitu mdomoni. Alazwe ubavu, apelekwe hospitali.

Jambo moja zaidi. Ufunguo ni uleule kwa magonjwa mengi. Nimonia, homa ya matumbo, sikio lililooza, mafua, yote hupitia mlango uleule wa EP3. Ukimgusa mtoto ukahisi moto, mkono wako umegusa amri ya ubongo. Haujakwambia aliyeisababisha. Kwa hivyo mzazi anayenunua dawa ya malaria kila akihisi joto naye anabahatisha, sawa na yule wa Panadol. Katika milima ambako mtoto mmoja tu kwa mia ana viini, mara nyingi atakuwa anatibu ugonjwa usiokuwepo huku nimonia ikijichimbia kifuani.

Atakayejibu ni tone la damu la kidoleni. Kipimo cha haraka hutoa jibu katika muda wa dakika 15 hadi 20, hata pasipo stima. Mpeleke siku hiyohiyo, ungawa mtoto amepoa na anacheza, na umwambie muuguzi saa uliyompa Panadol, kwa maana akimpima joto wakati huo atakuta 37 tupu. Akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akilala fofofo asiamshike, akipumua mbio au viganja vikiwa vyeupe, usingoje kupambazuke.

Ajabu nyingine ni kwamba kinga ya mbu tunayo historia yake mashambani mwetu. Sumu inayopakwa kwenye vyandarua ni binamu wa kiwandani wa ile iliyomo katika maua ya pareto, yaliyowahi kusomesha watoto wengi wa Kisii na Nyamira kabla bei haijaanguka. Wazee waliochuma pareto huenda hawakujua wanachuma nini.

Kipimo kikionyesha malaria isiyo kali, mtoto atapewa dawa ya mseto, ile yenye artemetha na lumefantrini, asubuhi na jioni kwa siku tatu, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa. Hiyo ndiyo inayomfuata kiini mwenyewe. Kuna dozi sita. Katika dozi ya tatu au ya nne homa huwa imekwisha, na hapo mama wengi hufunga pakiti na kuiweka juu ya kabati ili imfae mdogo wake akiugua. Dozi ya sita huangukia jioni ya siku ya tatu, wakati mtoto yuko uwanjani akicheza mpira na hataki hata kuitwa ndani.